Shotgani inayopiga bega na kitako kinachopasuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua katriji

Majibu haya yanamhusu mwenye shotgani ya kitako cha mbao, hasa ya zamani au nyepesi, ambaye bega limeanza kulalamika au ameona ufa pale mbao inapokutana na chuma. Humu "katriji" ni risasi nzima kama unavyoitoa kwenye kasha, yaani ganda pamoja na vilivyomo ndani. "Marisau" ni zile goroli ndogo zinazoruka. Kabla ya kukagua chochote kilichoandikwa hapa, toa katriji zote, fungua bunduki na uchungulie chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu katriji inapokaa, kwa macho yako mwenyewe.

Kwa nini katriji mbili za geji moja zinipige tofauti hivyo?

Kwa sababu geji inakuambia upana wa mtutu tu. Haikuambii kilichowekwa ndani ya ganda. Bunduki hurudi nyuma kwa kadiri ya vitu vilivyotoka mbele: uzito wa marisau, kikombe cha plastiki kinachoyabeba, gesi ya baruti, na kasi ya vyote hivyo. Geji 12 inauzwa ikiwa na gramu 21 za marisau, na inauzwa ikiwa na gramu 53 au zaidi. Zote zinaingia kwenye bunduki moja iwapo chemba inaruhusu, lakini bega litakwambia ukweli.

Chukua shotgani ya kilo 3.2. Ukipiga hesabu ya kawaida ya kurudi nyuma, katriji ya gramu 28 inayotoka kwa mita 400 kwa sekunde inairudisha bunduki kwa nishati ya takriban jouli 27. Gramu 24 kwa kasi ileile, karibu jouli 20. Gramu 36, jouli 42. Ile nzito ya gramu 53, hata ikitoka polepole kidogo kwa mita 370, inafika jouli 76 hivi. Kinyume chake, gramu 21 kwa mita 365 ni kama jouli 13 tu, yaani nusu ya ile ya gramu 28 tuliyoanza nayo. Tarakimu hizi zitapanda na kushuka kidogo kulingana na baruti na uzito wa kile kikombe, ila mpangilio wake haubadiliki.

Nipunguze nini kwanza, uzito wa marisau au kasi?

Ukiweza, vyote viwili. Ukilazimika kuchagua kimoja, anza na uzito, kwa kuwa ni rahisi kuupata dukani na hauathiri namna ulivyozoea kulitangulia shabaha linaloruka. Ukishuka kutoka gramu 32 hadi 28, halafu 24, mwendo wa marisau angani unabaki karibu uleule. Ukishusha kasi, itabidi mikono ijifunze upya kidogo, ingawa kwa umbali wa kawaida wa sahani za udongo wengi hawagundui tofauti.

Kinachowaponza watu ni neno "kasi" lililoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye kasha. Mtu anashuka kutoka gramu 32 hadi 28 akidhani amejihurumia, kumbe ile ya gramu 28 aliyoichukua ni ya kasi kubwa, na anaishia na kipigo kilekile. Soma namba zote mbili.

Kasha langu limeandikwa "presha ndogo". Si ndiyo yatakayokilinda kitako?

Hili ndilo swali lenye kuchanganya watu kuliko yote, na jibu ni hapana, si lazima.

Presha ni mambo ya gesi na kuta za chemba. Inapanda ghafla, inafika kileleni, inashuka, na yote yanamalizika katika sehemu chache za elfu moja za sekunde. Mtutu mwembamba au wa zamani unaogopa kile kilele. Mbao ya kitako haina habari nacho. Yenyewe inapokea jumla ya msukumo, na jumla hiyo inatokana na uzito uliotoka na kasi uliotoka nayo.

Weka katriji mbili mezani, zote gramu 28, zote mita 390 kwa sekunde. Moja imetiwa baruti inayoungua haraka, nyingine inayoungua polepole. Ya pili ina kilele kidogo cha presha, lakini inakirudisha kitako nyuma sawa na ya kwanza, pengine zaidi kidogo, kwa sababu baruti ya polepole kwa kawaida hutiwa nyingi zaidi na uzito wake nao hutoka mbele. Kwa hiyo mwenye bunduki ya zamani anahitaji kutazama mambo mawili yaliyo mbali: presha kwa ajili ya mtutu, uzito na kasi kwa ajili ya mbao. Katriji inaweza kuwa salama kabisa kwa chuma na bado ikapasua kitako.

Kwa Ulaya, katriji za kawaida za geji 12 hupimwa zisizidi bar 740, na zile za nguvu kubwa bar 1050. Kama bunduki yako haina alama za majaribio zinazoonyesha inahimili hizo za nguvu kubwa, usizitie, hata kama zinaingia. Na kama mitutu ni ya ile aina ya zamani iliyosukwa kwa vipande vya chuma na feleji, yenye michoro kama mawimbi, achana na baruti ya kisasa mpaka fundi bunduki mwenye vipimo aiangalie unene wa kuta.

Kasha lina maandishi mengi. Nisome nini?

Geji. Urefu wa ganda. Uzito wa marisau. Kasi. Basi.

Kwenye kasha za Ulaya uzito ni gramu na kasi ni mita kwa sekunde. Za Marekani hutumia aunsi na futi kwa sekunde. Aunsi moja ni gramu 28.35, aunsi 1⅛ ni karibu gramu 32, na aunsi ⅞ inakaribia gramu 25. Futi 1,200 kwa sekunde ni kama mita 366. Kasha nyingi za Marekani bado zinaandika pia "dram", kipimo kilichobaki kutoka enzi za baruti nyeusi. Hakisemi ni baruti kiasi gani imo ndani. Kinasema katriji hii inakwenda kasi kama ile ambayo zamani ingetiwa baruti nyeusi ya kiasi hicho. Kwa aunsi 1⅛, dram 2¾ ni takriban futi 1,145 kwa sekunde na dram 3 ni futi 1,200. Ukiona dram ndogo na aunsi ndogo, uko upande wa bega lako.

Chemba yangu ni fupi lakini katriji ndefu inaingia bila shida. Kuna tatizo gani?

Tatizo kubwa. Urefu unaoandikwa kwenye kasha ni wa ganda likiwa limeshafunguka, yaani baada ya kufyatuliwa. Katriji ya milimita 70 ambayo haijapigwa ina mdomo uliokunjwa, na urefu wake ni karibu milimita 58. Inateleza ndani ya chemba ya milimita 65 kama iliyotengenezewa humo, na bunduki inafunga vizuri. Ukifyatua, mdomo unafunguka na kukosa nafasi, unajibana kwenye koo la mtutu pale chemba inapoanza kuwa nyembamba, na marisau yanalazimika kupenya kwenye tundu lililozibwa nusu. Presha inapanda.

Chemba za geji 12 utakazokutana nazo ni za milimita 65, 70, 76 na 89. Hiyo ya 89 ni ya majuzi, ilitoka Marekani mwaka 1988. Bunduki za Uingereza za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia mara nyingi ni za 65. Urefu huchongwa kwenye mtutu au chini yake, karibu na chemba. Usipouona, mpelekee fundi apime. Usikisie kwa kujaribu kama katriji inaingia.

Uzito wa bunduki yenyewe una mchango gani?

Mkubwa. Katriji ileile ya gramu 28 inayotoa jouli 27 kwenye bunduki ya kilo 3.2 inatoa zaidi ya 31 kwenye ya kilo 2.7. Watu hununua shotgani nyepesi kwa sababu ni raha kuitembeza siku nzima, kisha wanaitia katriji za bata bukini. Bunduki ya namna hiyo haina kosa lolote.

W. W. Greener, mtengenezaji bunduki wa Birmingham, alisisitiza kwamba bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau inayorusha. Ni kanuni ya karne ya kumi na tisa, lakini bado ni kipimo kizuri cha kuanzia. Gramu 24 zinataka bunduki ya kilo 2.3. Gramu 28, kilo 2.7. Gramu 32, kilo 3.1 hivi. Gramu 36, karibu kilo 3.5. Ipime yako kwenye mizani kisha gawanya kwa 96. Jibu ndilo marisau ambayo mbao na bega vitayavumilia mwaka baada ya mwaka. Kuzidisha mara moja moja si mwisho wa dunia. Kuzidisha kila wiki ndiko kunakoleta ufa.

Nikihamia geji 20 nitapata nafuu?

Inategemea. Geji 20 kwa kawaida hurusha marisau machache, gramu 21 hadi 28, ila na bunduki zake ni nyepesi. Gramu 28 kutoka geji 20 ya kilo 2.6 zitakupiga kuliko gramu 28 kutoka geji 12 nzito. Nafuu inapatikana ukibaki kwenye gramu 21 au 24.

Na kama nyumbani kuna zote mbili, zitenganishe: kasha mbali, mifuko mbali. Katriji ya geji 20 ikitiwa kwa bahati mbaya kwenye geji 12, inateleza kupita chemba na kukwama mbele yake. Ukichungulia unaona chemba tupu, unatia ya geji 12 nyuma yake, na mtutu unapasukia karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa ya manjano. Usiweke rangi ya manjano kwenye mfuko wa geji 12, hata siku moja.

Kitako hupasukia wapi hasa?

Pale nyuma ya mwili wa chuma, kichwani mwa kitako, na kwenye shingo yake nyembamba. Hebu twende polepole, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Juu ya shingo ya kitako kuna mkia wa chuma uliolala ndani ya mbao, wenye skrubu moja au zaidi. Bunduki ikirudi nyuma, chuma kinaisukuma mbao. Kwenye bunduki iliyofungwa vizuri, msukumo huo unapokelewa na nyuso pana zilizo bapa, kulia na kushoto, chuma kikikaa sawasawa juu ya mbao. Ncha ya nyuma ya ule mkia haitakiwi kugusa mbao kabisa; fundi mzuri huacha mwanya mwembamba hapo, kama unene wa kucha. Mbao ikisinyaa kwa ukavu, au boliti inayofunga kitako ikilegea, zile nyuso pana zinaachana na chuma kwa nywele moja tu. Mwanya unatoweka, na ncha ya mkia inageuka kabari. Kila mlio, kabari inapigwa nyundo. Ufa unaanza hapohapo nyuma ya ncha na kukimbia kufuata nyuzi za mbao.

Kuikagua si kazi. Futa mafuta, washa tochi, ilaze ili mwanga upite ubavuni mwa mbao badala ya kuimulika kwa juu. Tafuta mstari mwembamba mweusi. Huwa mweusi kwa sababu mafuta yameshaingia ndani. Pitisha ukucha kutoka kwenye chuma kuelekea nyuma. Kisha shika mitutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, ukunje taratibu kama mtu anayejaribu uimara wa mpini wa jembe, huku ukitazama ule mstari unaounganisha mbao na chuma. Ukiona tone la mafuta linachomoza kwenye mstari, au ukisikia mlio mdogo wa kukwaruza, mbao inatembea. Usipige tena.

Tazama pia nyuzi za mbao kwenye shingo. Zikinyooka kufuata urefu wa shingo, una kitako chenye nguvu. Zikikata shingo kwa mshazari, hata mbao ya walnati yenye marembo ya kupendeza inaweza kukatika kama kuni. Mara nyingi kitako kizuri zaidi kwa macho ndicho dhaifu zaidi.

Mafuta yanaingiaje kwenye hadithi hii?

Kwa mlango wa mbele. Watu wanaipenda bunduki yao, wanaijaza mafuta, wanaisimamisha kabatini mtutu ukiangalia juu. Mafuta yanateremka miaka na miaka kutoka kwenye mtambo mpaka kichwani mwa kitako, na mbao iliyolowa mafuta inakuwa laini, inabonyea badala ya kuhimili. Ukiona rangi imekolea kuwa nyeusi pale mbao inapokutana na chuma, ni hivyo. Tone moja au mawili yanatosha kwa mtambo mzima. Isimamishe mdomo wa mtutu ukiwa chini, juu ya kitambaa, walau kwa siku chache za kwanza baada ya kuisafisha. Mafuta yaliyoingia tayari yanaweza kunyonywa kwa unga laini wa chaki na asetoni, lakini ni kazi ya kurudiarudia na kitako kikiwa kimevuliwa, mwachie fundi.

Nimeona ufa mdogo kama nywele. Nikitumia katriji nyepesi, naweza kuendelea?

Acha kwanza. Ufa mdogo ndio wa bei nafuu kuutibu: gundi nyembamba inayopenya, kibano, pengine pini iliyofichwa. Ukiendelea kupiga, mafuta na uchafu vinaingia ndani na gundi haishiki tena. Na fundi asiishie kuziba ufa. Muulize chuma kinakaa wapi juu ya mbao na kama mwanya nyuma ya mkia umerudishwa. Ufa ulioziba huku kabari ikiwa palepale utafunguka tena, kwa gramu 24 au kwa 36. Tofauti ni idadi ya milio tu.

Kukaza boliti ni jambo jema, ila kaza kwa kadiri. Kwenye mbao laini iliyolowa mafuta, mtu mwenye nguvu anaweza kukipasua kitako kwa bisibisi bila kufyatua hata mara moja.

Pedi ya mpira inasaidia mbao au bega tu?

Vyote, kwa kiasi. Haipunguzi kiasi cha msukumo. Inaurefusha kwa muda, na nguvu ya juu kabisa inashuka. Angalia tu urefu: pedi ya milimita 25 iliyopachikwa bila kukata mbao inakifanya kitako kirefu kwa kiasi hichohicho, na kitako kirefu kupita kiasi kinanasa kwenye nguo na kukaa vibaya kwenye mkono badala ya bega.

Kuongeza uzito nako kunatuliza kipigo, lakini mahali unapouweka pana maana ambayo wengi hawaifikirii. Ukijaza uzito ndani ya kitako, bega litashukuru, ila chuma kinalazimika kusukuma kitu kizito zaidi kupitia ileile shingo nyembamba. Mzigo wa mbao umeongezeka. Kama kitako ni cha zamani, weka uzito mbele, kwenye mitutu au kwenye bomba la katriji.

Naweza kuifunga kwenye stendi nzito ili bega lipumzike ninapojaribu katriji?

Ni mwendelezo wa jibu lililotangulia, na hapa ndipo vitako vizima hupasuka. Bega la mtu linarudi nyuma, mwili unayumba, na mbao inasalimika. Stendi iliyowekewa mifuko mizito hairudi. Chuma kinakuja nyuma, kitako hakina pa kwenda, na shingo inakula kila kitu. Kuegemeza kitako ukutani, kwenye mti au chini ardhini ni vilevile. Ukitaka kupima katriji kwenye karatasi, simama.

Bunduki yangu inajitia yenyewe. Je, ina hatari hizi?

Zinazotumia gesi ndizo za upole zaidi, kwa sababu mtambo unautandaza msukumo kwa muda mrefu kidogo. Ukienda chini sana, gramu 21 au 24 za polepole, huenda zisiuzungushe mtambo na ganda likabaki mlangoni. Jaribu kasha moja kabla ya kununua katoni.

Browning Auto-5 na ndugu zake ni habari nyingine. Ndani yake mtutu mzima unarudi nyuma, na kinachoupunguza mwendo ni springi pamoja na pete za msuguano chini ya kishikio cha mbele. Pete ya chuma ina sehemu mbili za kukaa. Kwa katriji nzito inakaa mbele ya springi, ikigusa kile kipande cha shaba. Kwa katriji nyepesi inahamishiwa nyuma, kati ya springi na mwili wa bunduki, isifanye kazi. Mwenye bunduki wa kwanza alipiga katriji nyepesi, akaihamisha pete nyuma. Miaka ikapita, bunduki ikabadilisha mikono, mwenye mpya anaitia nzito bila kufungua. Mtutu unagonga mwili wa bunduki kila mlio, kishikio cha mbele kinapasuka, na kitako kinafuata. Ukipata bunduki ya aina hii, fungua kishikio uone pete iko wapi kabla ya mlio wa kwanza.

Mitutu yote miwili ililipuka kwa pamoja. Ni ajali tu?

Ni ugonjwa wa mtambo. Kipigo cha mtutu wa kwanza kimeshtua kishikizo kilicholika cha wa pili, au kidole kimegusa bila kujua. Kwa mbao ni janga: msukumo unakuwa mara mbili na nishati mara nne. Tia katriji moja moja mpaka fundi aione.

Gramu 24 zinatosha kweli?

Kwenye Olimpiki, sahani zote za trap na skeet, yaani michezo ya kupiga sahani za udongo zinazorushwa angani, zinavunjwa na gramu 24, maana kanuni haziruhusu zaidi. Katika aunsi moja ya marisau ya namba 7½ ya Kimarekani kuna takriban goroli 350, kwa hiyo gramu 24 zina kama 300. Sahani haihitaji zote. Inahitaji chache zifike mahali pake.

Kwa mawindo ya ndege ni suala la umbali. Chora duara la sentimita 75 kwenye karatasi kubwa, simama mahali unapopiga kwa kawaida, hesabu matundu na utazame kama kuna pengo ambalo ndege angepita. Kama mtawanyo ni mzuri, marisau ya ziada yanaliumiza bega bure. Kama si mzuri, jaribu kwanza choki nyingine, yaani mbano wa ncha ya mtutu, kabla ya kuongeza gramu. Na ukweli ni kwamba mtu anayeogopa kipigo hufumba jicho na kuvuta bega kabla ya mlio. Mtu huyo anakosa kwa gramu 36 kile ambacho angekipata kwa 24.

Marisau ya chuma yanapiga kuliko ya madini ya risasi?

Kwa uzito na kasi sawa, sawa. Lakini chuma ni chepesi kuliko risasi kwa ujazo uleule na hupoteza kasi mapema angani, kwa hiyo watengenezaji hukitoa kwa kasi kubwa, mita 430 na kuendelea, na kasi hiyo unailipia begani. Bunduki ya zamani yenye choki iliyobana sana na mitutu myembamba isitiwe chuma. Kuna marisau ya bismuthi kwa ajili yake, ni ghali, ila ni laini kuliko chuma.

Na zile katriji za donge moja badala ya marisau?

Donge la aunsi moja kwa kawaida hutoka kwa mita 475 hivi kwa sekunde, na kipigo chake kinaweza kufika cha katriji nzito za gramu 36. Zipo zilizopunguzwa, karibu mita 370, na kipigo chake ni karibu nusu. Kwa kitako cha zamani, chagua hizo au uache.

Bega linauma hata na katriji nyepesi. Nini tena?

Hapo katriji imetolewa lawamani. Tazama jinsi kitako kinavyokukaa. Kikiwa kifupi, kidole gumba kinapiga pua. Juu yake pakiwa chini sana, unanyanyua kichwa na shavu linapigwa. Kisigino chake kikiwa pekee ndicho kinachogusa bega, msukumo wote unaingia kwenye eneo dogo kama sarafu. Vuta kitako kiingie begani imara kabla ya kufyatua, shavu likiwa limetulia juu ya mbao. Matundu ya kupunguza msukumo kwenye ncha ya mtutu hayafanyi mengi kwa shotgani, kwa sababu gesi ikifika pale imeshachoka. Yanapunguza kuruka kwa mtutu kidogo na kuongeza kelele sana kwa jirani.

Nina katriji nzito nyingi. Naweza kuzifungua nipunguze baruti au marisau?

Usifanye. Baruti, fataki inayoiwasha, kikombe na marisau vimepangwa pamoja, na baruti isiyobanwa na uzito uliokusudiwa inaungua ovyo. Matokeo ya kawaida ni mlio dhaifu, "puu", kikombe kikibaki katikati ya mtutu, na katriji inayofuata ndiyo inayopasua. Mlio wowote wa ajabu, hata kwa katriji za kiwandani, unamaanisha kusimama, kuelekeza mtutu pasipo na mtu kwa muda, kutoa katriji, na kuchungulia mtutu kutoka upande wa chemba mpaka uone mwanga upande wa pili. Wanaojaza katriji wenyewe hufuata vipimo vilivyochapishwa na watengenezaji wa baruti, neno kwa neno, na kuanzia na ganda tupu. Hizo nzito ulizo nazo mpe au mwuzie mwenye kibali na bunduki inayozistahili.